Nyeupe au ya kijivu? Jino langu na la mwanangu

SWALI

Asalaam alaikum na shikamoo Mama Tabibu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji, nina miaka 33. Nachuuza dagaa. Alfajiri nashuka Kibirizi kupokea mzigo, nikishaanika na kupeta naingia sokoni na beseni langu. Nakuandikia kwa sababu kila mtu ana lake la kunishauri, na jino halinisubiri.

Jino lenyewe ni la chini kulia, la pili kutoka mwisho. Mwaka jana lilianza kwa kukwamisha dagaa, nikawa natoa kwa njiti ya kiberiti. Sasa limetoboka ubavuni, pale linapogusana na mwenzake wa mbele, na ulimi ukipita unakwaruzika. Nikinywa maji ya baridi linanipiga shoti mpaka sikioni, kisha linatulia. Usiku nalala.

Nimekwenda sehemu mbili. Ya kwanza tabibu akaniambia linazibika, anayo ile dawa ya kijivu, elfu 30. Ya pili ni kliniki moja pale Mwanga. Walinipiga eksirei, wakasema tundu halijafika kwenye mshipa, wataziba kwa ile nyeupe inayokaushwa kwa taa, elfu 80. Nilipouliza tofauti ni nini, kijana wa mapokezi akanijibu, "Nyeupe ndiyo ya kisasa." Nikatoka na maswali yangu vilevile.

Nyumbani mama mkwe anasema ning'oe, gharama ndogo na maneno yameisha. Yeye ameng'oa sita na anakula mahindi ya kuchoma. Wifi yangu, ambaye mumewe yuko machimboni kule Geita, anasema ya kijivu ina zebaki, hiyohiyo wanayokamatia dhahabu, na kwa kuwa nina mtoto wa miezi mitano anayenyonya nisithubutu. Hapo nikashtuka zaidi, maana juu kushoto nina jino lililozibwa kwa kijivu tangu niko darasa la sita, na halijawahi kunisumbua. Ina maana watoto wangu wote watatu nimewanyonyesha huku nina zebaki mdomoni? Nilitoe?

La mwisho, mwanangu wa pili ana miaka tisa. Juzi alipokuwa akicheka nimeona jino lake la nyuma, la chini, lina weusi na kitundu katikati. Baba yake anasema ni la utoto, litang'oka lenyewe. Kwenye kikoba nimepokea fungu langu na nimeweza kutenga elfu 90. Nianze na nani, na tuweke nini?

Mama Watatu, Ujiji

JIBU

Waalaikum salaam, na marahaba mwanangu.

Barua yako ndefu, lakini neno lililonipa moyo ni fupi: usiku nalala. Jino linalouma kwa maji ya baridi kisha likatulia, na usiku likakuacha ulale, kwa kawaida kiini chake bado kizima. Ndani ya jino kuna nafasi yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likiwa karibu na nafasi hiyo, baridi inapenya na mshipa unalalamika, lakini haujafa wala haujaoza. Jino la namna hiyo linazibika na linapona. Eksirei ya Mwanga inasema hivyohivyo, nami nafurahi ulipigwa. Iombe picha hiyo au nakala yake uwe nayo, maana popote utakapozibia itahitajika, na hakuna sababu ya kuilipia mara mbili.

Siku jino litakapoanza kukuamsha saa nane za usiku bila kuguswa, au ukinywa chai ya moto likagonga dakika kumi baada ya kumeza, ujue mambo yamebadilika. Hapo kuziba peke yake hakutoshi, iwe kwa nyeupe, kwa kijivu au kwa dhahabu. Itabidi kusafisha mizizi, kazi ya safari zaidi ya moja na fedha nyingi zaidi, au kung'oa. Na ukiona shavu limevimba, homa, au kinywa hakifunguki vizuri, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kubishania rangi, kubaliana na mimi kwamba jino hili lizibwe mwezi huu.

Sasa hiyo ya kijivu. Inaitwa amalgamu. Ni unga wa fedha, bati na shaba unaochanganywa na zebaki, na zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Wifi yako hakukudanganya. Mimi nimeziba meno mengi sana kwa amalgamu nilipokuwa kazini, na sitaisema vibaya kwa lisilo lake. Ni ngumu, inavumilia mate kidogo wakati wa kuwekwa, bei yake ndogo, na kwa meno ya kutafunia inadumu. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2014, kisha zikarudiwa 2021, zilionyesha kwamba kwenye meno ya nyuma vizibo vyeupe vilishindwa karibu mara mbili ya vile vya kijivu. Nakuambia hili ili usidhani mtu wa elfu 30 alitaka kukuuzia kitu kibovu.

Lakini kwako wewe, leo, hapana. Na si kwa sababu ya maneno ya machimboni. Upo mkataba wa kimataifa unaohusu zebaki, unaoitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwandani. Sisi tunaoishi kwa samaki wa ziwa tuusikie vizuri mkasa huo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba. Machi 2022 wanachama walikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utoto, kwa watoto chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha, ila pale mtaalamu anapoona ni lazima kwa mahitaji ya mgonjwa. Umoja wa Ulaya umeisitisha tangu Januari 2025, na Novemba 2025 wanachama wa mkataba wakakubaliana iachwe kabisa ifikapo 2034. Wewe unanyonyesha na mwanao ana miaka tisa. Nyote wawili mmo kwenye orodha hiyo. Rudi kwa tabibu yule wa kwanza kwa adabu umwambie, "Nanyonyesha. Una dawa nyingine?" Huenda hakukuuliza tu, na huenda anayo.

Je, lile la zamani la juu kushoto? Liache lilivyo. Nasema hivi kwa uzito wote nilionao. Zebaki ya machimboni huchomwa motoni, na mchimbaji anavuta mvuke wake mzito kifuani. Ile iliyo jinoni imeshikana na fedha na shaba ikawa chuma kigumu, na kinachotoka unapotafuna ni mvuke kidogo mno. Mvuke mwingi hutoka pale kizibo kinapochongwa ili kitolewe. Kwa maneno mengine, ukienda kulitoa kwa hofu ya zebaki, siku hiyo ndiyo utakayopata zebaki nyingi kuliko siku yoyote ya miaka ishirini iliyopita, tena ukiwa unanyonyesha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2020, iliwataja wanaonyonyesha kati ya watu wanaopaswa kuepuka kuwekewa amalgamu mpya, na palepale ikasema vizibo vizuri vilivyokwishawekwa visitolewe bila sababu ya kitabibu. Watoto wako watatu hujawadhuru, mwanangu. Hilo litoe moyoni. Kizibo hicho kitolewe tu siku kikivunjika, au kuoza kukianza pembeni yake.

Tuje kwenye nyeupe. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana, kwa sababu watu hulipa elfu 80 kwa rangi, wakati kinacholipiwa ni dakika arobaini za mkono wenye subira.

Nyeupe inaitwa kompositi. Ni gundi ya plastiki iliyojazwa chembe ndogo sana za glasi. Haishiki jino kwa kubanwa kama amalgamu, inashika kwa kugandishwa. Jino likishachongwa na kusafishwa, hupakwa tindikali nyepesi ili uso wake uwe na vinyweleo, likaoshwa, likakaushwa, likapakwa gundi, taa ya bluu ikawashwa. Kisha dawa huingizwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 kwa kawaida, na kila moja imulikwe. Kwa nini isijazwe yote mara moja? Kwa sababu ikiganda hujikunja kidogo, na mwanga haufiki chini. Tundu likijazwa kwa mkupuo mmoja kwa dawa isiyotengenezwa kwa ajili hiyo, juu huwa jiwe na chini ikabaki laini, na pembeni pakabaki ufa ambao vijidudu vitaurudia.

Na adui mkubwa wa kazi hii ni mate. Tone moja likiingia baada ya gundi, kizibo hakishiki. Mimi mwenyewe jino langu la juu liliwahi kuzibwa kwa nyeupe na mtu mwenye haraka, pamba moja tu shavuni, mate yanatiririka. Miezi minne baadaye nilikimeza kizibo changu pamoja na ugali. Tangu hapo nilipokuwa naziba wengine nilibadilisha pamba hata kama foleni ilifika mlangoni.

Tundu lako liko ubavuni, kati ya meno mawili, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Anayeziba anatakiwa azungushe utepe mwembamba wa chuma kwenye jino na kuchomeka kabari ndogo katikati, ili dawa isimwagikie kwenye ufizi na ili jino lirudi kumgusa mwenzake. Asipofanya hivyo patabaki mwanya, na dagaa wako watakuwa wanaingia palepale walipokuwa wanaingia. Ukitoka kitini omba uzi, upitishe katikati. Unatakiwa upite kwa kubana. Ukipita bila kugusa kitu, mwambie kabla hujalipa.

Kwa hiyo ukienda Mwanga usiulize kama wana nyeupe. Waulize hivi: jino mtalikaushaje lisiingie mate? Ubavuni mtaweka utepe na kabari? Dawa mtaiweka kwa tabaka? Mtu anayejua kazi yake atakujibu kwa sentensi mbili na atafurahi umeuliza. Akikasirika, jibu umelipata.

Kama mahali fulani ulishawekewa dawa ya muda, ile nyeupe laini yenye harufu ya karafuu, waambie. Hiyo harufu ni mafuta yenyewe ya karafuu, yanayotuliza jino vizuri, lakini mabaki yake huzuia kompositi isigande sawasawa, kwa hiyo lazima yasafishwe yote. Na nyumbani, ukisubiri siku yako, maji ya chumvi na paracetamol vinatosha. Aspirini usiiweke kwenye ufizi, inaunguza nyama. Ugoro na maji ya betri usithubutu kabisa. Antibayotiki za dukani nazo hazizibi tundu.

Kuna dawa ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia, nami ndiyo ninayoipenda kwa mwanao. Inaitwa glasi ayonoma. Ni unga wa glasi unaochanganywa na maji yenye asidi, ikawa kama simenti nzito, nyeupe isiyong'aa. Inashikana na jino yenyewe bila gundi, inavumilia unyevu zaidi kuliko kompositi, haihitaji taa, na inatoa floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, taratibu kwenye jino lililoizunguka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni kwamba hulika mapema inapotafuniwa sana, na kwa tundu kubwa la ubavuni kama lako inaweza kuvunjika kabla ya wakati.

Kuhusu hiyo simenti, kuna jambo hatulisemi vya kutosha. Ile njia ya kuziba meno bila mashine, ambapo tabibu anakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo chenye makali kisha anajaza dawa na kuikandamiza kwa kidole, ilianzia hapahapa Tanzania, kwenye chuo cha udaktari wa meno Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Leo inatumika nchi nyingi, na glasi ayonoma ndiyo dawa yake. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Kwa mtoto wa miaka tisa anayekiogopa kiti cha meno, sijui rehema kubwa kuliko hiyo.

Lakini kwanza tujue ni jino gani. Baba yake anaweza kuwa amekosea, na hili ndilo kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote kazini. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma ya meno yake yote ya utoto huota gego jipya, moja kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote, hakuna kinachong'oka, kwa hiyo mzazi hana habari. Hilo ni gego la ukubwani. Halina mbadala mpaka kaburini. Na kwa kuwa limetangulia kuota, tena lina mifereji ya kina juu yake, ndilo linalooza mapema. Muweke mwanao juani afungue kinywa, uhesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma. Likiwa la sita, ni gego la ukubwani na lizibwe bila mjadala. Likiwa la nne au la tano, huenda ni la utoto, na kwa miaka tisa bado linaweza kukaa mwaka mmoja mpaka mitatu. Tabibu ataangalia kama linalegea. Hata la utoto likiota jipu huumiza na kumtoa mtoto shuleni.

Nianze na nani, umeuliza. Kama gego la mtoto ni la sita na wana glasi ayonoma kwenye kituo cha serikali, bei yake huwa ndogo kuliko ya kompositi. Ulizia huko kwanza, tena wiki hii. Kinachobaki kikitosha elfu 80, au kliniki ikikubali upokee huduma na umalizie kwa mafungu mawili, zibia lako kompositi. Kikikosekana, nakushauri jambo ambalo kijana wa mapokezi hatalipenda. Nyote wawili mzibwe kwa glasi ayonoma, badala ya wewe kupata nyeupe ya bei na mtoto akaambiwa asubiri, au yeye azibwe na wewe uendelee na njiti ya kiberiti. Lako litalika mapema, ndiyo. Lakini litakuwa limefungwa, kiini kitapumzika, na kikoba kikizunguka tena sehemu ya juu inachongwa na kompositi inawekwa juu yake, simenti ikibaki chini kama msingi. Hiyo ni njia inayojulikana na matabibu wengi wanaifanya. Mwambie tu mapema kwamba ndivyo ulivyopanga.

Mama mkwe wako usimbishie. Kizazi chake kilipopata maumivu, koleo ndilo lililokuwepo, na kung'oa kuliwaokoa wengi. Mwulize tu kwa upole anatafunia upande gani mahindi yake. Jino likitoka, la nyuma yake hulala kuelekea kwenye pengo na la juu hushuka likikosa wa kukutana naye, na mtu hubaki na upande mmoja. Wewe una miaka 33, na hilo ni gego kubwa la kutafunia. Mwambie, "Mama, hili limeonekana linapona, ngoja nijaribu, likishindikana nitang'oa." Mtu mzima huridhika akisikia hakupuuzwa.

Kizibo kisidumu mwaka ukalaumu dawa, nikuulize: chai yenu ya asubuhi Kibirizi ina vijiko vingapi vya sukari, na unaisindikiza kwa muda gani? Sukari inayonywewa kidogo kidogo saa mbili nzima ni mbaya kuliko ileile ikinywewa mara moja. Dawa ya meno iwe na floraidi. Usiku, mtoto wa miaka tisa apige mswaki wewe ukiwa umesimama pale, ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, alale. Njiti ya kiberiti itupe. Uzi wa kushonea uliosafishwa ni bora ukikosa ule wa meno.

Siku ya kuzibwa utapigwa sindano ya ganzi. Wakishamaliza watakupa karatasi ya rangi uume. Kama jino linatangulia kugusa kabla ya mengine, sema palepale wapunguze, usione haya. Kizibo kilichoinuka huumiza kuliko tundu. Kompositi imeshaganda ukiinuka kitini, ila glasi ayonoma uiache saa nzima bila kula, na vitu vigumu mpaka kesho yake. Baridi inaweza kukusumbua wiki moja au mbili, ikipungua siku hata siku. Ikizidi, rudi.

Usinywe chai ya moto mpaka mdomo uamke, usije ukajiunguza bila kuhisi. Mtoto akilia njaa kwenye daladala mkirudi Ujiji, mnyonyeshe kama kawaida. Ganzi ile haimdhuru.

Mama Tabibu